Pa Kwendea Inje

Cansilde alitaka nyumba kwa sababu moja tu, na sababu hiyo hakumwambia mtu. Mchungaji wake alidhani anajenga ili kumshukuru Mungu. Mwanawe Jado alidhani anajenga kwa heshima ya ukoo. Majirani, ambao kazi yao ni kudhani vibaya, walisema anajenga ili kuringa. Wote walikosea. Cansilde, mjane, mama wa watoto wawili, muuza mayai aliyevuka mpaka wa Goma na trei kichwani tangu magoti yake yakiwa mazima hadi yalipoanza kupiga kelele, alitaka kwenda chooni bila mtu kujua.

Basi. Hakuota marumaru wala bustani ya maua. Aliota mlango ambao angeufunga, na upande wa pili wa mlango huo dunia nzima iwe haina habari.

Mtu ambaye hajawahi kuishi kwenye kipangu atacheka. Kipangu ni ua mmoja, vyumba vingi vya wapangaji, na choo kimoja huko mwisho. Choo cha kipangu cha Cansilde kilikuwa na kufuli, na ufunguo wake ulining'inia kwenye msumari karibu na mlango wa Mukabera, ambaye alishinda hapo akichambua maharage. Ukichukua ufunguo, Mukabera alikusalimu.

"Unaenda, Mama Jado?"

Ukirudi, alikupokea. "Umerudi, Mama Jado?"

Na ukikawia, alikuhurumia mbele ya ua wote. "Pole, Mama Jado. Ni yale maharage ya jana?"

Mukabera hakuwa mbaya. Alikuwa mtu mwenye upendo na nafasi nyingi, na hakuna mchanganyiko unaochosha kuliko huo. Lakini kwa muda wote Cansilde aliokaa pale, tumbo lake halikuwa lake. Lilikuwa la kipangu.

Tena alilelewa kwa namna iliyofanya jambo hilo kuwa zito maradufu. Alizaliwa Masisi, ng'ambo ya mpaka, kwa mama aliyemfundisha kwamba mwanamke mwenye adabu hali njiani, hacheki hadi meno ya nyuma yaonekane, na haendi chooni. Kwa kuwa mwili wenyewe haukuwahi kufundishwa somo hilo la tatu, lilipatikana neno la kuufunika. Watu walisema wanakwenda inje. "Mi naenda inje kidogo," mtu alisema, na wote wakatazama pembeni. Hata mtu aliyesimama katikati ya shamba la viazi, mvua ikimnyeshea, alisema anakwenda inje, na akaeleweka. Familia ilipovuka kurudi Rwanda, ilivuka na mabeseni, na magodoro, na neno hilo. Zamani wakaza wana hawakutamka jina la baba mkwe. Cansilde alikipa choo heshima hiyohiyo: alikijua vizuri, alikitegemea, na hakuwahi kukitaja.

Kiwanja kilipatikana Nengo, mahali hapo Gisenyi ambapo ardhi inapanda na kuliacha ziwa chini. Jado alikuja kutoka Kigali na mchoro wa nyumba. Jado alifanya kazi kwenye ofisi yenye milango inayojifungua yenyewe, na tangu hapo alikuwa ameanza kuionea haya milango mingine yote. Aliufungua mchoro juu ya kreti la bia na kumwonyesha mama yake bafu tatu.

Ya kwanza ilikuwa ndani ya chumba cha Jado mwenyewe, yenye baignoire, beseni la kuogea ambalo mtu mzima angeweza kulala ndani akanyoosha miguu. Jado alikuja Gisenyi wakati wa Pasaka na wakati wa misiba. Ya pili ilikuwa koridoni. Ya tatu ilikuwa ya wageni, na mlango wake ulifungukia salon, ukitazamana na makochi.

"Mulango ya nini hii?" Cansilde aliuliza.

"Ya kioo, maman. Ni kisasa. Kioo chenye ukungu, mtu haonekani. Unaona kivuli tu."

"Kivuli ya mutu."

"Kivuli tu, maman."

"Na hiyo kivuli iko inafanya nini mule?"

Jado alikohoa na kuhamisha kidole kwenye koridoo.

"Wewe utatumia hii. Ni karibu na chumba chako."

Cansilde alitazama. Ilikuwa karibu na chumba chake, ndiyo, na ilikuwa karibu pia na macho ya kila mtu atakayekaa kochini, kwa sababu koridoo ilianzia salon na haikuwa na pazia. Aliona maisha yake yaliyobaki. Aliona wajomba, wanakwaya, wenzake wa sokoni, wote wamekaa na soda mikononi, na Mukabera katikati yao akisema: umerudi, Mama Jado?

Kuna kizazi kizima cha vijana waliosoma wanaoamini kwamba nyumba ni picha. Wanapanga bafu kwa ajili ya mtu atakayeitazama, wala hawamfikirii atakayeikalia. Wataweka kioo, taa ya buluu, bomba la maji lililopinda kama shingo ya korongo, na maji yakikatika watajaza baignoire kwa jerikani na kuchota kwa kopo kama bibi zao walivyochota, isipokuwa bibi zao hawakuwa na taa ya buluu. Na mama mwenye nyumba ataambiwa atumie ya koridoo.

Cansilde hakubishana. Kubishana kungemlazimu kutaja kitu chenyewe. Aliamua kupitia kwa fundi.

Fundi aliitwa Karenzi. Kwa haki alikuwa fundi bomba, lakini kwa kuwa ndiye pekee aliyepokea simu za Jado, alijikuta msimamizi wa kila kitu: kuta, madirisha, milango, vigae. Alizaliwa Karagwe, Tanzania, kwa wazazi waliokimbilia huko, na alirudi akiwa kijana mwenye ndevu. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Kila asubuhi alimwambia Cansilde "Shikamoo, mama," na Cansilde, ambaye huko Masisi hakuwahi kuamkiwa hivyo na hakujua ajibu nini, alijibu "Asante."

Waliongea Kiswahili ingawa wote wawili walikuwa Wanyarwanda kwa mababu. Kinyarwanda cha Karenzi kilichechemea, na Cansilde naye alipenda kuongea na mafundi kwa Kiswahili. Kinyarwanda kilikuwa na adabu nyingi mno. Ukitaka kumwambia mtu kwamba ukuta wake umepinda, unaanza kumuuliza habari za ng'ombe. Kiswahili unaingia moja kwa moja. Na kwa jambo hili alilotaka kusema, kwa mwanamume wa umri wa mwanawe, hakuna namna angelisema kwa lugha ya mama yake.

Alimwita chumbani kwake, ambapo kuta zilikuwa bado matofali matupu.

"Fundi, kuja kidogo. Iko kitu mi nataka, na Jado asijue."

"Nakusikiliza, mama."

"Hapa mu chumba yangu." Aliutazama ukuta. "Mi nataka pa kwendea inje."

Karenzi alikitazama chumba. Kilikuwa na mlango mmoja wa koridoni na dirisha dogo. Aliona wazo si baya. Watu wazima wengi hupenda mlango wa pili: moto ukiwaka, mwizi akija, au hewa tu.

"Pa kwendea nje," alisema. "Inawezekana. Ukuta upi?"

"Ule ya nyuma. Watu ya salon wasijue kama naenda."

"Hawatajua. Upana?"

"Ya mutu moja. Mi nitaenda na nani?"

"Ya mtu mmoja. Ya mbao au ya chuma?"

Cansilde aliwaza baridi ya alfajiri ya Gisenyi, akawaza na ngozi yake.

"Chuma hapana. Baridi ile itaniua. Weka ya mbao."

"Mbao ni bora. Ifungukie wapi?"

Hapa aliona haya kidogo. Lakini alikuwa ameona za kisasa kule kwa Jado, na alijua kifuniko kinakwenda wapi.

"Juu. Si zote zinafungukaka juu?"

Upande wa juu wa kiwanja ulikuwa ule wa kilimani. Karenzi alitikisa kichwa kwa kukubali. "Juu, sawa. Na komeo kwa ndani?"

"Komeo lazima. Na isifanye kelele, fundi. Hiyo ndiyo kubwa. Mi sitaki kelele."

"Nitaipaka grisi, mama. Utaenda na kurudi, hata panya hatasikia."

"Grisi," alisema Cansilde polepole. Alifikiri kwamba wazungu sasa wamefika mbali. "Bon. Paka."

Walipeana mikono, kila mmoja akifurahi kwamba leo amekutana na mtu anayeelewa haraka.

Mwenye nyumba mwingine yeyote angekwenda kukagua. Cansilde alikagua paa, akagombana juu ya rangi, akafukuza mpiga lipu aliyekuwa akilala kwenye kivuli cha tangi. Lakini chumbani kwake hakuingia. Mafundi wangesemaje, mama mtu mzima kusimama na kutazama kitu kile kikiwekwa? Wangecheka. Wangejua. Kwa hiyo alipita dirishani akiwa ametazama upande wa ziwa, na kila aliposikia nyundo chumbani moyo wake uliruka kwa furaha kama wa msichana.

Wakati huohuo mambo ya Bella, binti yake pekee, yalikuwa yamekomaa. Bella alikuwa amepata kijana, Sano, mwana wa watu waliorudi kutoka Uganda, na familia ya kijana iliomba kuja kufanya kile ambacho huitwa gufata irembo, yaani kushika mlango: wazee wa upande wa mume wanafika kwa wazazi wa msichana, wanabisha kwa maneno mengi, na wakikubaliwa wanaondoka na ruhusa ya kurudi na ng'ombe. Jado aliamua ifanyike kwenye nyumba mpya. Mafundi walihimizwa. Vigae vikalazwa, makochi yakaja juu ya Fuso, na mlango wa kioo chenye ukungu ukafungwa mbele yake kama madhabahu.

Siku chache kabla ya wageni, mafundi wakiwa wamekwenda kula, Cansilde aliingia chumbani kwake. Hatimaye.

Kwenye ukuta wa nyuma palikuwa na mlango. Mbao nzuri, komeo la ndani linalong'aa, harufu ya vanishi. Alisimama mbele yake akaunganisha mikono. Karenzi alikuwa amemjengea hata kachumba kake, alifikiri, mlango wake kabisa. Alivuta komeo. Halikutoa sauti. Alisukuma taratibu, akawa tayari kuona weupe wa kitu chake.

Aliona mbuzi.

Alikuwa mbuzi wa Twagirimana, jirani wa upande wa juu, amefungwa kwenye mpera. Mbuzi alimtazama, naye akamtazama mbuzi. Nyuma ya mbuzi palikuwa na kilima, na juu ya kilima mbingu. Cansilde aliufunga mlango, akangoja, akaufungua tena. Mbuzi alikuwa bado yupo. Alitazama nyuma ya mlango. Alitazama chini. Kisha akaita, na sauti yake ilisikika hadi kwa mama ntilie wa barabarani.

Karenzi alifika na kijiko mkononi.

"Fundi, iko wapi?"

"Nini, mama?"

"Ile mi nilikuomba."

"Si hiyo umeishika?"

"Hii ni mulango."

"Ndiyo, mama. Pa kwendea nje." Karenzi alitoka, akarudi, akatoka tena, kumwonyesha. "Nje. Ndani. Nje. Na haina kelele."

Cansilde aliketi juu ya mfuko wa saruji. Mafundi wengine walikuwa wameanza kusogea, kama mafundi wanavyosogea palipo na makosa ya mwenzao.

"Mi sikusema ya kutokea," alisema kwa sauti ya chini. "Nilisema ya kwendea inje. Mutu akienda inje. Weye mama yako alikuzaa wapi, hujui mutu akienda inje?"

"Karagwe, mama. Kule mtu akienda nje anakwenda nje."

"Na akiwa..." Alitafuta neno pembeni mwa paji la uso wa Karenzi. "Akiwa na haja na maji."

"Anakunywa."

Mmoja wa mafundi, mwenyeji wa Busasamana, karibu na mpaka, alianza kutikisika mabega. Cansilde aliona hakuna njia. Alijificha nyuma ya Kifaransa.

"WC," alinong'ona.

"Choo!" alisema Karenzi, kwa sauti ya mtu aliyeteguliwa kitendawili. "Mama, si ungesema choo? Ningekuwekea choo."

Neno lilipita dirishani, likashuka barabarani, na kwa mujibu wa hesabu ya Cansilde, lilifika kipangu kabla ya jioni.

Sasa halikuwezekana lolote. Sakafu ilikuwa imekwisha kulazwa vigae. Kupitisha bomba la maji machafu kutoka chumbani kungemaanisha kuvunja koridoo yote, na chini ya nyumba hakukuwa na udongo bali jiwe jeusi la volkano lililogoma hata walipochimba msingi. Karenzi aliomba radhi, akaapa kwamba baada ya shughuli watatafuta njia. Alipendekeza kitu kimoja tu: choo cha mafundi, kile cha mabati kilichokuwa huko juu karibu na mpaka wa Twagirimana, ambacho Jado aliagiza kifukiwe kabla wageni hawajakiona.

"Nisikifukie kwanza?"

Cansilde hakujibu. Kwake kutojibu kulikuwa kusema ndiyo.

Wageni walifika na suti zao, wakiongozwa na Mzee Gatete, baba mkubwa wa Sano, askari mstaafu aliyekaa kama bado anakaguliwa. Walijaza makochi. Upande wa msichana ulijaza viti. Bia zikatoka, na fanta, na urwagwa, pombe ya ndizi, kwa wenye kukumbuka nyumbani. Msemaji wa upande wa mume akasimama akaanza habari za safari, hali ya hewa, mvua, malisho, babu aliyekutana na babu.

Shughuli za namna hii huchukua alasiri nzima, na hiyo ndiyo raha yake. Anayeomba hajifanyi anaomba, anayeombwa hajifanyi ameelewa. Ingekwenda hivyo, isingekuwa kijana mmoja wa upande wa mume, asiye na hatia yoyote, ambaye baada ya bia ya pili aliinuka akaingia kwenye mlango wa kioo.

Taa ya buluu ikawaka yenyewe. Kivuli kikatokea, kirefu na wazi, kikasimama, kikainamisha kichwa. Msemaji alikuwa amefika kwenye malisho ya mababu. Aliendelea kidogo, sauti ikamfia. Salon nzima ilivitazama viatu vyake yenyewe. Vigae vipya havina siri. Kila tone lilisikika. Kisha kijana akavuta maji, na kitu ambacho Jado aliagiza kutoka mbali kwa sifa zake kilinguruma kama lori la mchanga likimwaga mzigo, kikaendelea kunguruma, kikapumua, kikanguruma mara ya pili.

Kijana alitoka. Alikuwa amezeeka.

Baada ya hapo hakuna aliyeinuka kuuelekea mlango ule. Na bia zilikuwa zinaendelea kuja, kwa sababu Jado alitaka ionekane kwamba hapa hakuna uchoyo. Cansilde, akiwa amekaa wima na mushanana wake, lile vazi la sherehe, umefungwa vizuri begani, aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona katika shughuli yoyote: hotuba zilianza kufupika. Babu aliyekutana na babu hakukutana na bibi. Mafumbo yakakatwa katikati. Mtu wa upande wa msichana, ambaye kwa desturi alipaswa kukataa angalau mara mbili kwamba hakuna binti yeyote ndani ya nyumba hii, alisema, "Yupo, yupo, tuendelee." Miguu ilikunjwa, ikakunjuliwa, ikakunjwa upande wa pili. Nchi nzima ya watu wazima, wenye vyeo, wenye nishani, ilikuwa ikijiumiza kibofu kwa ajili ya heshima, na kila mmoja akitabasamu.

Mzee Gatete aliinuka akatoka, simu sikioni. Cansilde naye alikuwa amekunywa chai mbili. Alivumilia. Alitazama koridoo, akaona macho yote yaliyojipanga kuielekea. Akaomba radhi kwamba anakwenda kumwona Bella, akaingia chumbani, akafunga komeo la koridoni.

Kisha akakumbuka mlango wa Karenzi.

Ulifunguka bila sauti, kama ilivyoahidiwa. Mbuzi aliinua kichwa akakirudisha kwenye majani. Cansilde alipandisha mushanana, akakwea taratibu kati ya mawe meusi kuelekea kwenye mabati, na alipobakiza kidogo kufika, gunia lililokuwa mlango wa choo cha mafundi likasogezwa, na Mzee Gatete akatoka akiwa anafunga kifungo cha koti.

Walisimama. Alikuwa mkwe wake mtarajiwa. Kwa adabu ya zamani hawakupaswa hata kutazamana machoni wakila.

"Nilikuwa napokea simu," alisema Mzee Gatete kwa Kinyarwanda cha heshima kabisa. "Hapa kwenu mtandao ni mzuri."

"Hapa juu, ndiyo. Salon hakuna mtandao."

"Salon hakuna kabisa." Mzee alitazama ziwa. "Na wewe, mama?"

"Nilikuja kuona mbuzi."

"Ni mbuzi mzuri."

"Ni wa jirani."

Mzee Gatete alitazama chini, akauona mlango ulioachwa wazi kwenye ukuta wa nyuma, na kwa muda alionekana akifanya mahesabu ya kijeshi: umbali, kificho, njia ya kurudi.

"Mimi nimezunguka kwa jikoni," alisema. "Wapishi wote wameniona. Nimewaambia simu ya kutoka Kampala. Huo mlango ni wa nini?"

"Fundi alikosea."

"Alikosea," alisema Mzee Gatete, na uso wake wa gwaride ukalegea. "Mama, katika nyumba hii ni kitu kimoja tu kilichopangwa na mtu mwenye akili." Akashuka na kuzunguka upande wa jikoni, simu sikioni, akisema "hello, hello" kwa wapishi.

Aliporudi salon, watu wote walimtazama kwa wivu wasioweza kuueleza. Alikuwa mtu mwenye amani pekee katika chumba kile, na mtu mwenye amani huongea vizuri. Alisimama akasema kwamba familia yake ilikuja kushika mlango wa nyumba hii. Alisema ameshika milango mingi katika maisha yake, lakini huu wa mama Cansilde ameuona kwa macho yake, na ni mlango wa watu wenye siri nzuri, na hatakubali mwanawe aoe penginepo. Upande wa Sano walipiga makofi, wakidhani ni fumbo. Cansilde, aliyekuwa amerudi kwa njia ya koridoo na uso mkavu, alitazama mushanana wake ili asicheke. Ruhusa ya kurudi na ng'ombe ilitolewa hapohapo, kabla jua halijakaribia Goma, na wageni wakakimbilia magari yao kwa haraka iliyosifiwa baadaye kama unyenyekevu.

Kesho yake Jado aliuona mlango.

"Maman, nani ametoboa ukuta? Karenzi, huu ufungwe kwa matofali leo. Na kile kibati kule juu kifukiwe. Wakwe wangekiona?"

Karenzi alimtazama Cansilde. Fundi wa Busasamana naye alimtazama, mabega tayari. Na Cansilde, ambaye maisha yake yote alitembea na neno moja mdomoni kama mtu aliyebeba kaa la moto, aliona kwamba neno hilo likiendelea kunyamaza litamrudisha koridoni hadi kufa.

"Choo," alisema.

Jado aligeuka. "Nini?"

"Mi nataka choo. Yangu. Pale inje, mbele ya hiyo mulango, ukuta kwa ukuta, paa, na bomba. Karenzi, umesikia neno? Ni choo. Usiniletee dirisha."

"Maman, watu..."

"Watu wameketi mu salon yako jana wanakunja miguu kama watoto ya shule, ju ya kioo yako. Baba mukubwa ya Sano amekuja kwenda choo ya mafundi. Ndiyo, choo. Nimemukuta. Sasa nimesema mara ngapi, na bado iko kwenye kinywa; nikuambie tena?"

Jado hakutaka kuambiwa tena. Alirudi Kigali mapema.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko maneno. Vijana wa Karenzi walipasua jiwe la volkano kwa nyundo na tindo, cheche zikiruka, mbuzi akihamishiwa mpera mwingine. Lakini kwa kuwa Cansilde alisema ifungukie juu, na juu ilikuwa kilimani, bomba lilipata mteremko mzuri, likashuka kando ya nyumba hadi kwenye shimo la maji machafu bila kugusa kigae kimoja. Karenzi aliyaeleza hayo kwa kila mpita njia kana kwamba alipanga tangu mwanzo. Kachumba kalimalizika: kadogo, keupe, dirisha la kiganja kimoja likitazama ziwa. Kiti chake kilikuwa cha mbao, kilichosuguliwa na seremala na kupakwa vanishi ileile ya mlango, kwa sababu fundi alikumbuka mambo ya baridi. Tangi la kuvuta maji lilifungwa ukutani, ila Cansilde alitumia kopo na ndoo. Kopo halitangazi.

Neno lenyewe hakulitaja tena. Lilikuwa limefanya kazi yake, akalirudisha lilikotoka.

Jumapili moja baada ya ibada, nyumba ikiwa imejaa wanakwaya na Mukabera amepewa kochi la katikati, Cansilde aliingia chumbani kwake kutafuta kitu. Alifunga komeo la koridoni, akafungua la pili, akatoka, akafunga. Aliketi. Hakuwa na haja kubwa sana. Alitazama mtumbwi mmoja chini ziwani, akasikia kwaya ikijaribu sauti ya pili na kuikosa.

Simu ikalia mfukoni. Alikuwa Jado.

"Maman, nimempigia Bella, anasema wageni wamejaa na wewe hawakuoni. Uko wapi?"

Cansilde alinyoosha miguu hadi vidole vikagusa mlango.

"Mi niko inje," alisema.